Picha Mbili Mlangoni kwa Mama

Nakumbuka Jumamosi moja mtaani Tena, kule Eastlands, Nairobi, mwanangu, mama yangu alipochinja kuku wawili kwa ajili ya watu ambao hawakuja kula. Nitakueleza taratibu, na ukiona nimekunja uso usidhani nimekukasirikia wewe. Hasira yangu ni ya zamani na ina wenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza shule na nasuka nywele katika saluni ya Njoki, jirani yetu. Kulikuwa na jarida moja la wanawake wakati huo, jarida la mitindo na maisha mazuri. Usinicheke, nyinyi picha mnazo mkononi kutwa kucha. Kwetu nakala moja ilizunguka mtaa mzima mpaka pembe zikalegea. Karatasi zake zilikuwa laini na zinang'aa, na ndani yake walikuwemo wanawake weusi kama sisi, wamesimama kama watu ambao hawajawahi kutumwa mkaa. Hicho ndicho kilichotupumbaza. Nguo hata fundi wa sokoni angeweza kujaribu kushona. Lakini kumwona mtu wa rangi yako asiye na wasiwasi wa chochote, hilo lilikuwa jipya kabisa. Wateja waliweka kidole juu ya ukurasa wakamwambia Njoki, "Nataka nitoke hivi." Walitoka walivyotoka.

Basi siku moja akaja saluni dada mmoja kutoka kwenye jarida hilo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alitafuta msichana wa mtaani wa kupambwa na kupigwa picha. Akaniangalia, akasema nafaa. Kisha akauliza kama mama yangu yupo, ili naye apigwe picha. Nilifika nyumbani mbio.

Mama alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, na kwetu mgeni wa heshima hukaribishwa kwa kuku. Alichinja, akasonga ugali, akatandika vitambaa vyake vya kufuma kwenye viti. Kisha akavaa sare ya umoja wa akina mama wa kanisani: gauni la buluu, kola nyeupe, kitambaa cheupe kichwani. Sare ile haikuvaliwa ovyo. Mwanamke alifundishwa, mwenendo wake ukachunguzwa, akaapishwa mbele ya kanisa zima, ndipo akavikwa. Mama hakuwa na vazi la juu kuliko hilo, wala hakulihitaji.

Yule dada na wenzake wa jarida walipofika walibaki nje. Walisema mwanga wa nje ni mzuri. Wakamsimamisha mama mlangoni, mikono imenyooka na uso mkavu, jinsi watu wazima walivyopigwa picha enzi hizo. Halafu wakanivalisha suruali ya kubana, wakanipaka rangi ya mdomo, wakanisimamisha kwenye mlango ule ule na kuniambia nicheke. Mama akawakaribisha mezani.

"Asante mama, tuna haraka," akasema yule dada.

Mama akawasihi waonje hata mchuzi. Wakatazama saa zao. Tuliwala kuku wale na majirani, Njoki akiwemo, na mama akawatetea wageni wake: "Hao ni watu wa kazi. Mungu awafikishe salama." Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapo wageni ambao mwenyeji haponi.

Jarida lilipotoka, Njoki alituletea nyumbani huku anacheka kwa furaha. Nikafungua. Kurasa mbili zilikuwa zinatazamana. Upande mmoja alikuwa mama, na juu yake neno la Kiingereza lenye maana ya "kabla". Upande wa pili nilikuwa mimi, nimeandikiwa "baada ya". Chini wakaeleza kwamba msichana wa leo halazimiki kufungiwa ndani ya nguo za mama yake. Hawakuwa wametuambia lolote la namna hiyo.

Mama hakusoma Kiingereza. "Wamesema nini?" akauliza.

Nilimwambia yote kama yalivyo, maana nilijua wengine wangemwambia kwa kicheko. Aliitazama picha yake, kisha yangu. "Kumbe walikuja kukuosha," akasema, "na uchafu wenyewe ni mimi." Akarudi jikoni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Njoki alizibandika kurasa zile ukutani saluni. Nilimsihi azitoe. "Felista, hiyo ni biashara," akanijibu. "Wateja wanaipenda." Niliacha kazi wiki hiyo hiyo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Vijana wa kituo cha matatu walimpa mama lile neno la Kiingereza liwe jina lake. "Sasa, Mama Bifo! Uko poa?" Watoto wadogo wakalidaka bila kujua maana. Jina jema hung'ara gizani, tunaambiwa. Aliyesema hivyo hakuishi Eastlands akaona jina la utani linavyokimbia.

Jumapili iliyofuata mama alivaa sare yake, nikamsindikiza. Kanisani wasichana wawili wa kwaya walinong'onezana, wakaziba midomo. Mama aliimba nyimbo zote. Tuliporudi aliikunja sare, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Wenzake walikuja kumbembeleza, akawaambia imembana. Haikuwa imembana. Yeye aliyekuwa akikaa mbele na kuongoza sala, alianza kukaa nyuma karibu na mlango, amevaa sketi ya siku zote. Niliumia, na bado naumia nikisema.

Mara moja tu nilithubutu kumwuliza juu ya wale watu. Akanijibu akichambua mboga, bila kuinua macho: "Mtu asiyeonja chungu chako, usimpe sura yako. Mimi niliona hawali, nikajifanya sikuona."

Sare aliivaa tena siku tuliyomzika. Wenzake walimvika, wakaipiga pasi vizuri. Sijawasamehe wale watu wa jarida, wala sitakudanganya kwamba nimewasamehe.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikukatazi kupendeza. Suka, paka, vaa, ujana haurudi. Uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, ni kweli, lakini hata mkakasi una haki ya kupakwa rangi. Ninalokuusia ni hili: siku utakapowekwa juu na kusifiwa, geuza shingo utazame ni nani amewekwa chini ili wewe uonekane. Ukimkuta ni mtu wako, shuka mapema, kabla watu hawajamaliza kupiga makofi.

Mungu akupe sura ya kupendeza, mwanangu, na akupe nyumba ambayo wageni wake hula. Na mama yako avae vazi lake la heshima mpaka lichakae mwilini mwake, akiwa hai.