Leo nimefutwa kwenye pampu yangu mwenyewe

Leo asubuhi mke wangu ameshauri nifutwe, nami nimekubali.

Ngojeni nieleze taratibu.

Pampu ya kitalu chetu cha mikorosho hapa Nkowe inaendeshwa na programu niliyoichora kwa visanduku na nyaya kwenye skrini. Mafaili yake nimeyapa majina ya watu wa nyumbani, nisije nikasahau.

Leo kifaa kinachoiendesha kikagoma, kumbukumbu yake imejaa, kinataka nifute faili moja. Jua limeshapanda na miche inanyauka.

Nikafungua mchoro unaoonyesha faili lipi linategemea lipi. Mke wangu, Mama Zuhura, akainama nyuma yangu.

"Mbona mishale yote inakuja kwangu?"

Nikamfafanulia: faili lake ndilo linalopima unyevu wa udongo, na mengine yote yanalisubiri.

"Na wewe uko wapi?"

Nilikuwa pembeni, bila mshale hata mmoja. Faili langu ni la salamu, nililitengeneza mwanzoni kabisa, sikuwahi kuliunganisha na kitu.

"Basi Baba Zuhura, unatafuta nini tena?"

Nikaanza kueleza umuhimu wa salamu. Akaitazama miche, akanitazama mimi.

Nikajifuta. Maji yakatoka.

Kwenu angefutwa nani? Semeni kwa adabu, Mama Zuhura anasoma.