Liki za Mama Juu ya Mwamba

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya meza ya mboga sokoni Mkuyuni nikiomba kuuziwa liki chafu. Muuzaji, dada mgeni kwangu mwenye maneno mengi, alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Wateja wake wote humwomba aoshe na kufunga vizuri. Mimi nilitaka zenye mizizi yake yote na udongo wake. "Hizi zimeshaoshwa, dada yangu. Sasa udongo nikutolee wapi?" akauliza, akacheka. Nikacheka naye, nikalipa. Nilipofika kwenye kona nikachota udongo chini ya ua wa watu, nikazipaka mwenyewe. Ndiyo, rafiki yangu, umesoma sawasawa. Nilipaka udongo mboga safi ili nikamdanganye mama yangu.

Kama hujawahi kuipika, liki ni ndugu wa kitunguu asiyeota tumbo. Ina shina jeupe lililonyooka, majani mapana ya kijani, na harufu ya upole kuliko kitunguu chenyewe. Siku zile pale kwetu Igogo hakuna aliyeijua isipokuwa sisi. Mama alikuwa mpishi kwenye hoteli moja mjini, na wageni wa hoteli walipenda supu ya liki. Jikoni walitumia shina, sehemu ya chini yenye mizizi wakaitupa. Mama hakuweza kutazama kitu chenye mizizi kikienda jalalani. Alivikusanya vile vipande, akaja navyo nyumbani, akavisimamisha ndani ya kopo la maji dirishani. Baada ya siku chache vikachomoza majani. Tulikuwa tunaamka tu na kukimbilia dirishani kuona kipande gani kimewashinda wenzake.

Shida ilikuwa mahali pa kuvipanda. Unaijua milima yetu ya Mwanza, nyumba zimekaa juu ya mawe kama kuku waliotaga pabaya. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na uwazi kati ya miamba miwili, lakini chini yake ni changarawe tupu. Mama akaamua kwamba udongo tutaupandisha sisi. Ulikuwepo udongo mweusi mzuri kule chini, karibu na ziwa, na kuanzia hapo ikawa sheria ya nyumba: hakuna anayepanda mlima mikono mitupu. Mama akitoka kazini alipanda na karai kichwani. Mimi nilikuwa na sufuria iliyotoboka, mdogo wangu kopo la maziwa. Hata wageni hawakusalimika. Mwalimu wangu alikuja siku moja kunishtaki kwa utoro, mama akamkuta pale chini kwenye ngazi za mawe, akamwamkia vizuri, kisha akamkabidhi ndoo ndogo. Mwalimu alifika juu akihema, jasho linamtiririka, akaomba maji, akakaa. Alikula, akashukuru, akaondoka bila kunitaja. Nilimpenda mama siku ile kuliko siku zote.

Hivyo ndivyo bustani ile ilivyopatikana, karai kwa karai, msimu baada ya msimu. Mbolea ilikuwa kinyesi cha mbuzi wa jirani na majivu ya jikoni. Mama alitoboa mashimo kwa mti uliochongoka, akasimamisha mche mmoja mmoja, na kila liki iliporefuka tuliipandishia udongo shingoni ili shina lisione jua, libaki jeupe. Jirani yetu Msukuma alikuwa akipita na kumtania mama. "Mayu, vitunguu vyako vimegoma kuweka tumbo! Au unavinyima chakula?" Mama alimjibu, "Wewe subiri harufu tu." Na kweli, jioni harufu ikishuka kwenye mawe, jirani alikuwa wa kwanza kupiga hodi, bakuli mkononi.

Kuvuna nilikuwa sijui. Nilikuwa nashika majani na kuvuta kwa nguvu zangu zote, yanakatika, naanguka chali. Mama hakunipiga. Alipiga magoti kando yangu, akachokonoa udongo taratibu kuizunguka liki, akaitikisa kidogo, ikatoka nzima na ndevu zake. "Usiivute, iombe," alikuwa akisema. Kisha alikata ile sehemu ya mizizi na kuirudisha kwenye kopo, nasi tukakaa kwenye jiwe lenye joto kuosha mchanga uliojificha kati ya majani. Chini honi ya meli ililia, na korongo wakubwa wenye vipara walitutazama kutoka mwamba wa pili wakingoja matumbo ya samaki. Usiku tulikula sato wa mchuzi na liki zilizolainika mpaka zinateleza, na ugali wa muhogo. Nimekula sehemu nyingi tangu wakati huo. Ladha ile sijaipata.

Magoti ya mama yalichoka kabla yake. Ngazi za mawe zikamshinda, tukamhamishia Igoma kwa mdogo wangu, kwenye uwanja wa tambarare. Mimi nilibaki na nyumba. Siku anaondoka aliniambia neno moja tu, "Liki zangu." Nikasema, ondoa wasiwasi, mama.

Nilizitunza, sitaki uniwazie mabaya kuliko yaliyopo. Halafu watoto wakakua, ada zikapanda, na kila aliyekuja alinionyesha ule uwazi nyuma ya nyumba na kusema, hapa vyumba vya kupangisha vinatosha kabisa. Mafundi walipokuja, mmoja aliniuliza, "Mama, huu udongo tuupeleke wapi?" Nilikuwa na haraka, nimeshika simu sikioni. Nikasema, "Mwageni huko chini." Walimaliza kabla ya chai ya saa nne. Mvua ya wiki ile ikausomba wote ukarudi ziwani. Juu yake, au tuseme mahali pake, kuna sakafu ya saruji na wapangaji wema sana.

Mama hakuambiwa. Mara ya kwanza aliponiuliza nilikuwa na maneno yangu tayari, lakini alikuwa anatabasamu, nikashindwa. Nikasema ziko vizuri. Aliposema nimletee, nikaenda Mkuyuni. Tangu hapo kila nikienda kumsalimia napitia sokoni kwanza. Mdogo wangu anajua. Nikizitoa kwenye kikapu anainuka kwenda kutazama maji jikoni, maji ambayo hajayabandika.

Jumapili iliyopita mama aliipokea liki moja, akaifuta udongo kwa kidole gumba, akainusa, macho yakamlegea. "Udongo wetu huu," akasema. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Kisha akamtuma mjukuu dirishani, naye akarudi na kopo. Ndani yake vilisimama vipande vya liki za safari iliyopita, mizizi mipya myeupe, majani yamechomoza.

"Hizi zimekuwa tayari. Kazirudishe pale pale kati ya miamba."

"Sawa, mama."

"Shemeji yako kasema Krismasi watanibeba kwa kiti mpaka juu. Nimekubali. Nataka nikazipalilie mwenyewe."

Mdogo wangu safari hii hakwenda jikoni. Alinitazama tu.

Nilipanda ngazi za Igogo na kopo lile kifuani, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza baada ya miaka mingi kupanda mlima ule nikiwa nimebeba kitu kwa ajili ya bustani. Mpangaji mmoja alikuwa anafua, povu linatiririka juu ya saruji. Akaniamkia, akaniuliza hilo ni ua gani. Nikaingia ndani, nikaliweka kopo dirishani. Jioni simu ikalia, na nilijua ni nani kabla ya kutazama.

"Umeshazipanda?"

"Bado, mama."

"Basi kesho asubuhi, jua lisizikute. Udongo usiubane sana."

Nikasema nimesikia. Kopo liko dirishani mpaka leo, majani yamefika kwenye nondo, nami kila asubuhi nabadilisha maji. Jana nilichukua karai nikashuka mpaka pale tulipokuwa tukichota udongo, nikakuta ukuta na geti. Nikarudi, nikapanda mlima mikono mitupu.