Picha za Kifua

Harufu ya koti la mvua lililokunjwa muda mrefu hunirudisha kwenye chumba kimoja cha hospitali, Lilongwe. Nilikuwa mtoto bado, lakini wazazi hawakuwapo tena. Nilikuwa nimeacha shule, na mimi ndiye niliyemleta mdogo wangu kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, azibwe tundu la moyo kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa.

Muuguzi alinivika aproni nzito ya kuzuia mionzi, yenye harufu hiyohiyo, nikae na mdogo wangu mpaka dawa ya usingizi imlaze. Wote mle ndani walivaa.

"Yaya, na ya mi iko wapi?" mdogo wangu aliniuliza, kifua wazi; ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa.

"We njo bwana arusi wa hii foto. Bwana arusi banamufunikaka?" nilimjibu, kana kwamba bwana arusi hafunikwi.

Akacheka. Daktari hakucheka. Aliniuliza mtoto alishapigwa picha za mionzi mara ngapi, maana mionzi hujumlishana mwilini, na mwili wake ulikuwa mdogo.

Zilikuwa nyingi. Lakini niliogopa wasije wakaahirisha matibabu, na yeye alikuwa akihema hata akiwa amekaa.

"Mara moja tu," nilisema.

Daktari akaandika. Dawa ilipomlaza, mashine ya mionzi ikashuka taratibu juu ya kifua chake, na muuguzi akanivuta nyuma ya kioo.