Chupa Mbili za Élodie

Kule mtaani Muhumba, vita au si vita, mzazi aliyepata mtoto alitafuta chupa mbili za divai ya namna moja akampelekea jirani mmoja mjane, bingwa wa kuonja divai: moja aifungue aionje, na nyingine, akiisifu, ifichwe mpaka arusi ya mtoto. Zagabe alikwenda na zake huku amempakata bintiye Élodie, mchanga bado. Jirani akainamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, akatazama wekundu unavyofifia ukingoni. Akanusa, jicho moja kafumba. Akaizungusha divai mdomoni mpaka mashavu yakavimba, akaitema kwenye maua ya barazani, akayaambia maua, "Pole." Zagabe alipoonja, ulimi ulimkauka kama aliyetafuna ndizi mbichi. Akamgeukia jirani.

"Iko mubaya, maman?"

"Hapana, papa. Divai yenye inakuchekea leo, kesho inakufa. Hii ingali inakasirika. Itadumu."

Papo hapo risasi zikalia upande wa mto Ruzizi, vioo vikatetemeka. Zagabe akajitupa chini ya meza, mtoto kifuani. Alipogeuka, jirani alikuwa ubavuni mwake, amefunika glasi kwa kiganja, hata tone halikumwagika.

"Miaka makumi mbili," akasema, akiendelea pale alipoachia. "Ile ingine uilaze ubavu, kizibo kisikauke." Akamtazama Élodie, aliyekuwa akilia kwa nguvu zote. "Na siku ya arusi muniwekee kiti karibu na mulango. Magoti yangu itakuwa imezeeka."