Kina cha Kawaida

Kaka yangu Thadeo Wanzagi amechimba vyoo kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsimamisha mbele ya watu akamshukuru. Mtu akimaliza nyumba humwita padri aje kuibariki, kisha hupiga picha sebuleni, jikoni, hata kwenye ngazi. Shimo halipigiwi picha. Ukitoka Butiama ukashuka Bunda, ukazunguka Nyasura na Guta, halafu ukaja hapa Musoma ninapouza furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, utakuwa umepita karibu na kazi ya mikono yake mara mia bila kujua. Jambo hilo linaniudhi mimi kuliko linavyomuudhi yeye.

Thadeo ni mrefu, mkimya, na ana msimamo mmoja tu maishani: shimo la choo ni futi ishirini. Akikutana na futi kumi na tano huondoka bila kuaga. Kuna shule iliwahi kumwambia achimbe futi kumi na mbili, akachimba ishirini, akawaambia zile nane za chini ni sadaka. Marehemu mke wake, Marieta, alikuwa akisema kwamba mume wake anaijua Tanzania kwa chini kuliko anavyoijua kwa juu, na alikuwa hatanii.

Walijaliwa binti mmoja, Wegesa, ambaye sasa ni muuguzi hapa Musoma. Wegesa alichumbiwa na Prosper, mtoto wa Mzee Makongoro, mstaafu wa serikali anayevaa koti hata wakati wa jua kali. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwetu neno choo halitajwi mbele ya wakwe. Mkwe akija kwako atashinda kutwa nzima, atakula, atakunywa chai vikombe vinne, na hatauliza kilipo. Atajikaza mpaka afike njiani huko kwenye vichaka. Sasa utamtambulishaje kwa watu wa namna hiyo baba anayekula kwa kuchimba vyoo? Wegesa alipoulizwa kazi ya baba yake, akajibu kwamba yuko kwenye ujenzi.

Thadeo alilisikia jibu hilo kwa masikio yake, maana alikuwa mlangoni akivua viatu. Baadaye nilipomkalia kooni kwa nini hakusema kitu, aliangalia sahani yake tu. "Nyangi, hata mimi ningesemaga hivyohivyo," akaniambia. Nilimwonea uchungu hadi chakula kikanishinda. Nilijua anachokitaka kaka yangu: kazi moja tu, hata ya siku moja, ambayo mwanawe angeweza kuitaja watu wakiwa mezani.

Gofu ikamletea.

Kampuni moja ya mambo ya utalii ilikuwa imekichukua Kilima Kipara, kile kilicho juu ya kijiji chetu upande wa Butiama, ili kufanyia mashindano ya wachezaji wa kulipwa kutoka nchi jirani. Mratibu wao aliitwa Dennis, mwanaume wa miwani myeusi na simu mbili, na hizo simu hazikuwahi kunyamaza zote kwa wakati mmoja. Aliitisha mkutano wa kijiji, akatueleza kwamba kilima chetu kiko mita elfu moja na mia sita kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na kwa hiyo mpira ukipigwa huku unakwenda mbali kuliko ukipigwa Dar es Salaam.

Mama Matrida, ambaye hajawahi kukosa mkutano, akasimama. "Hewa yetu imepunguzwa lini? Na mbona wananchi hatukushirikishwa?"

Dennis akasema haijapunguzwa, ilikuwa hivyo tangu zamani.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo tulikuwa tunapunjwa," akasema Mama Matrida, na watu wakampigia makofi. Mwenyekiti akaagiza suala la hewa lipelekwe wilayani. Mpaka leo limo kwenye muhtasari, chini ya barabara na juu ya fisi.

Dennis alipofanikiwa kuendelea, alisema anahitaji fundi wa kuchimba mashimo kumi na nane. Mkutano mzima ukageuza shingo kumtazama Thadeo. Kaka yangu akasimama taratibu, akauliza upana. Dennis akasoma kwenye simu moja: inchi nne na robo.

"Na kina?"

Simu ya pili ikaita. "Kina cha kawaida, mzee wangu," Dennis akasema akiwa ameshaiweka sikioni. "Kawaida tu."

Thadeo akaketi. Kawaida anaijua.

Alipewa na mchoro, akaja nao kwangu Musoma tuutazame pamoja. Ulionyesha shimo kwa ubavuni, na ndani yake mlingoti mrefu wenye kitambaa juu. Kaka yangu aliutazama kwa heshima. "Hawa wanajua kazi," akasema. "Wamechora mpaka bomba la hewa. Kosa lao wameliweka kwenye tundu lenyewe, na badala ya wavu wa nzi wamefunga kitambaa. Nitawarekebishia."

"Thadeo, inchi nne na robo? Mtu atalenga vipi?"

"Ndo maana wanaitaga wataalamu, Nyangi. Wamesomea."

"Na huo mpira aliousema Dennis?"

"Mpira ni wa kupimia. Hawawezi kupokea kazi bila kupima tundu."

Nikaona ni kweli. Msinicheke. Mtu akikueleza kitu kwa utulivu ule, na wewe samaki wako wanangoja kuanikwa, unakubali. Nilichowaza ni kwamba dunia imeendelea sana, na kwamba hatimaye wamekuja watu wanaothamini kazi ya kaka yangu kiasi cha kuifanyia mashindano.

Alichimba miezi minne, yeye na mwenzake Keraryo ambaye wameshikana kamba tangu ujana. Mashimo kumi na nane, futi ishirini kila moja, isipokuwa la tano lililogonga mwamba kwenye kumi na saba. Hilo lilimnyima usingizi. Juu ya kila shimo alimwaga slabu ya zege yenye nondo, akaacha tundu la inchi nne na robo alilolipima kwa rula ya shule. Hatua moja pembeni akasimamisha bomba lenye wavu, na kwenye bomba akafunga bendera kwa sababu Dennis alizileta. Nyuma akaweka mfuniko wa kufungulia siku gari la kunyonya litakapokuja. Halafu wakaja watu wa nyasi, wakakuta slabu, wakatandika nyasi juu yake. Wao mkataba wao ulikuwa wa nyasi.

Dennis alifika mara mbili. Alipiga picha bendera, akasema safi sana, akampa Thadeo beji ya kuning'iniza shingoni: FUNDI MKUU WA MASHIMO. Kaka yangu aliivaa kanisani Jumapili tatu mfululizo, na alipokwenda kukomunika aliigeuza ili padri aisome. Wegesa akawaambia wakwe, safari hii bila kutazama chini, kwamba baba yake ni fundi mkuu kwenye uwanja wa gofu. Mzee Makongoro akasema basi siku ya mashindano familia nzima itakuja, na hapohapo wataongea habari ya kupanga siku ya harusi.

Wiki ya mwisho, kazi ikiwa imeshakabidhiwa, Thadeo alikuwa bado anapanda kilimani na sululu. Nilimuuliza anafuata nini. Akasema kuna kitu kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Wachezaji arobaini, wageni kama mia mbili, hema jeupe, viti vyenye vitambaa, na soda bila kikomo. Mzee Makongoro aliwekwa mstari wa mbele na Prosper na Wegesa. Mimi nilikuwa nyuma yao na kapu la furu niliowaletea, na Thadeo alisimama pembeni ya hema na beji yake, suruali ina mstari wa pasi.

Mzambia mmoja mrefu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika shimo la kwanza. Akausukuma mpira kidogo, ukaviringika, ukatumbukia. Tukapiga makofi. Makofi yalipoisha ndipo tukasikia kutoka chini: dub.

Mzambia akapiga goti, akaingiza mkono mpaka kwapa. Akautoa, akautazama. Akaenda kwenye bendera akainua macho, akauona wavu wa nzi, akarudi shimoni akainama kusikiliza.

Akaitwa mwamuzi, mama mmoja wa Nairobi mwenye kofia pana na kitabu kidogo cha sheria. Akapima upana: inchi nne na robo kamili, hakuna hata unywele uliozidi. Akasoma kuhusu kina. Sheria inasema kisipungue inchi nne. Akafunua ukurasa wa pili, akafunua wa tatu, akarudi wa kwanza. Hakuna mahali palipoandikwa kisizidi ngapi.

"Shimo ni halali," akasema. "Mpira unatakiwa kutulia chini ya usawa wa ardhi. Umetulia?"

"Sijauona," akasema Mzambia. "Nimeusikia tu."

"Umetulia."

Wakaendelea. Wachezaji wa kulipwa hawaruhusu uso uonyeshe kitu, nami niliwaheshimu kwa hilo. Lakini kila shimo lilimeza mipira arobaini, mmoja kwa kila mtu. Mashimo tisa ya kwanza yanazunguka kilima na kurudi pale kwenye hema, na walipofika la tisa mifuko yote ilikuwa mitupu. Watu arobaini wakasimama na fimbo zao bila cha kupiga. Mipira mingine ilikuwa Mwanza, na Mwanza si jirani.

Dennis alikuja mbio pembeni ya hema. Akaishika ile beji, akaivua shingoni kwa kaka yangu kama anamvua ng'ombe kamba. "Mzee, sogea nyuma," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ukiulizwa, wewe ni mlinzi."

Nilisikia. Nikainuka na kapu langu, na Mungu anajua nilikuwa naenda kulitumia. Thadeo akaninyooshea kiganja nikae. Uso wake ulikuwa uleule wa siku ile alipoangalia sahani.

"Nani anaweza kuitoa mipira?" mwamuzi akauliza.

Akatokea mtu mmoja tu. Thadeo alivua viatu vyake vya kanisani, akafunua mfuniko nyuma ya shimo la tisa, Keraryo akashika kamba, kaka yangu akashuka na ndoo na suruali yake ya pasi. Wageni wakaacha viti wakaja kuzunguka tundu. Tukaanza kusikia mipira ikiingia kwenye ndoo, mmoja mmoja.

Mzee Makongoro alikuwa amesimama miguu amebana, uso una jasho. "Huyu si baba Wegesa?" akamuuliza Dennis.

"Ni mlinzi, mzee."

"Mlinzi anayajuaje ya huko chini?"

Dennis akazitazama simu zake. Kwa mara ya kwanza hakuna iliyoita.

Ndipo Wegesa akasogea mpaka kwenye tundu, na viatu vyake vyeupe. "Siyo mlinzi," akasema. "Ni baba yangu. Anachimbaga vyoo. Choo cha shule niliyosoma ni yeye, cha zahanati niliyoanzia kazi ni yeye. Niliwaambia yuko kwenye ujenzi kwa sababu nilikuwa naona aibu. Baba hajanitia aibu. Niliitafuta mwenyewe."

Alilitaja neno lile mbele ya wakwe, mara mbili, watu mia mbili wakisikia. Prosper akatazama nyasi. Mimi nikamtazama Mzee Makongoro, nikaona anavyokunja uso kwa maumivu, nikajua harusi imekwisha. Chini yetu mipira ikaacha kuingia kwenye ndoo. Tundu la inchi nne na robo linapitisha maneno yote.

Mzee Makongoro akapiga goti, na koti lake, akaweka mdomo karibu na tundu.

"Mkwe."

"Naam, mkwe," sauti ikapanda kutoka chini.

"Niko hapa tangu saa mbili asubuhi."

"Nilikuona, mkwe."

"Nimekunywa soda nne. Kilima hiki kina mashimo kumi na nane, na mimi sijaona pa kwenda."

Wote tukatazamana, maana ilikuwa kweli. Wageni mia mbili, na hakuna aliyekumbuka kuwawekea choo.

"Kuna la kumi na tisa," Thadeo akasema kutoka chini, pole pole. "Nyuma ya jabali lile. Lina mlango na ndoo ya maji. Nilikuchimbia wewe, mkwe, wiki hii. Nilijua hutauliza."

Mzee Makongoro akainuka. Alipiga hatua tatu za heshima, zilizobaki akakimbia, na nyuma yake wakafuata mwamuzi, Mzambia, na wageni wa mstari wa mbele kwa mpangilio wa itifaki.

Wegesa alibaki. Akapiga goti palepale alipopiga mkwe wake.

"Baba, umekwama?"

"Hapana mama," akasema. "Naokota mipira."

Tukangoja, mimi na Wegesa na Keraryo na kamba yake. Muda mrefu ukapita bila mpira hata mmoja kuingia kwenye ndoo.