Bwate Iliyokataa Kupoa

Mimi sinywi pombe, sivuti kitu, na padri wa parokia yetu ananijua tangu nikiwa mtoto. Nayasema haya mapema kwa sababu kila ninapoanza kusimulia jambo hili, hakosekani mtu wa kuniangalia kama anatafuta chupa niliyoificha. Gari lenyewe lipo Kimemi, hapa Butembo, uani kwa mama yangu. Asiyeniamini na aje, alale chini yake, aweke mkono kwenye ile bwate (ndivyo tunavyoiita giaboksi). Halafu tuongee.

Gari ni la kaka yangu mkubwa, Paluku. Ni pikapu ya zamani ya kubebea viazi na kabichi kutoka Lubero. Paluku alipotea kwenye barabara ya Beni kwenda Oicha. Siku ile hakuwa na gari lake. Alipanda pikapu ya mtu mwingine, ya aina moja na hii, akaketi mbele kando ya dereva, na karibu na Mbau watu wa porini wakawashambulia na kulichoma gari. Wengine walipatikana, wakazikwa. Paluku hakupatikana, hata kiatu.

Kwetu, mtu akifa na mwili ukakosekana, familia inazika mgomba. Unakatwa, unafungwa kwenye shuka, unalazwa kaburini, watu wanalia, na mwisho wanapumua. Baba mdogo alitaka tufanye hivyo. Mama akakataa katakata. Walibishana hadi wazee wa ukoo wakaingia kati, na neno waliloafikiana ni hili: gari la Paluku likiwa bado linatembea, Paluku ni mtu aliye safarini. Siku litakapokufa, tunazika mgomba, na Mama hatasema neno.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mama aliugeuza msemo huo: lake lipo, kwa hiyo na yeye yupo. Mimi nikakabidhiwa usukani. Sasa unaelewa nilikuwa naendesha nini kila siku? Watu waliona viazi tu.

Siku moja, nikipanda mlima na mzigo, gia ya tatu ikalia, ya pili ikakataa, kisha mti wa gia ukawa unazunguka mkononi mwangu kama mwiko kwenye sufuria ya maji. Nilivutwa kwa kamba hadi nyumbani. Fundi wetu, Kasereka, akaishusha bwate, akaifungua, akaguna.

"Hapa hakuna bwate tena, ndugu. Meno yote imekulwa. Tafuta ingine, ao achana na hii motokari."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Jioni Baba mdogo alikuja kutupa pole, na nilimwona akiitazama migomba nyuma ya nyumba. Si mtu mbaya. Alikuwa amechoka na kilio kisichoisha. Lakini kuanzia jioni ile Mama aliacha kula. Akasema atakula gari likinguruma.

Basi nikaanza kutafuta. Nilizunguka maduka yote ya vipuri Butembo. Siku hizi magari yanayoletwa ni otomatiki, na wauzaji walinicheka: "Hii yako ni ya kwa batate!" yaani ya enzi za mababu. Nikasikia kuna moja Kanyabayonga. Nikaenda, nikakuta ganda lake limepasuka. Nikaenda Beni, nikapata nzima kabisa, lakini shafti yake ilikuwa ndefu, ya injini nyingine. Nilikaa juu ya kile chuma, mbele ya watu, nikalia kama mtoto. Sioni aibu kusema. Nyumbani Mama alikuwa anakunywa maji matupu.

Ni pale Beni mtu mmoja aliponiambia kuna mzoga wa pikapu kama yangu umelala kwenye majani, kabla ya kufika Mbau. Mnadhani sikujua ulikuwa mzoga wa gari gani? Nilijua vizuri sana. Wakanionya kwamba kufungua chuma kwenye gari la wafu ni kujitafutia mkosi. Nikawajibu, mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi.

Ilikuwa mchana, mvua nyepesi inanyesha. Yule wa moto alikataa kuacha barabara. Nikashuka, nikaingia kwenye majani na funguo zangu, yaani spana, na kamba. Mzoga ulikuwepo, mweusi, majani yametokea madirishani. Na chini yake kulikuwa na mtu amelala chali, anafungua buloni, zile boliti za bwate. Niliona buti zake tu.

Nilifikiri nimetanguliwa.

"Ulikawia, petit," akasema kutoka kule chini, kama kaka anayemwita mdogo wake. "Iko karibu kutoka."

Akatoka na bwate kifuani. Jamani, bwate ya pikapu si kikapu cha mayai! Wanaume wawili huibeba kwa shida. Yeye aliiweka miguuni kwangu polepole, akajipangusa mikono. Alikuwa mfupi, na kovu limepita kwenye unyusi mmoja. Mvua ilikuwa imenilowesha hadi mfupani. Nguo zake zilikuwa kavu.

"Uko mwana ya Mama Paluku, ya Kimemi," akasema. Hakuuliza.

"Njo mimi. Weye ni nani?"

"Mimi nilikuwa dreva. Bwate, beba. Sitake kintu. Lakini ukifika kwenu, muzike ndugu yako."

Nikamwambia ndugu yangu hajafa, yuko safarini. Hata mimi nilisikia jinsi neno lilivyotoka kinywani bila nguvu.

"Alikuwa kando yangu," akasema yule mtu. "Mimi balishaka nizika. Bale bengine balishaka kuenda kwabo. Paluku bado iko hapa mu barabara, anauliza kama tutatoka saa ngapi. Na dreva hapana achaka mutu yake mu njia, si unajua? Donc na mimi niko nangojea. Muzike, petit. Tunachoka."

Yeye amezikwa, wenzake wamekwenda kwao, Paluku amekwama barabarani: ulishawahi kusikia maneno ambayo akili inakataa na tumbo linakubali? Nilitaka kukimbia. Lakini nikamwona Mama na kikombe chake cha maji, nikasema, "Sawa. Tutazika." Niaminini, nilisema kutoka moyoni. Niliifunga bwate kwa kamba, nikaivuta kwenye majani. Nilipogeuka kushukuru, nilikuwa nashukuru mzoga.

Barabarani palikuwa na mama mmoja anayechoma mahindi chini ya kipande cha turubai. Nikamwuliza yule fundi mfupi mwenye kovu ni wa wapi.

"Fundi gani, baba? Nilikuona weye mwenyewe tu. Ulikuwa unasimama pale, unaongea, unaitika."

Nikamweleza buti zake na nyusi zake. Yule mama aliliacha hindi likaungua.

"Yesu wangu! Ule njo dreva ya ile motokari. Alikuwaka ananinunulia mahindi kila siku. Tulimuzika nyuma ya kanisa, na mimi nilikuwa pale."

Nilikaa kwenye tope, na mkono wangu ukagusa bwate. Ilikuwa na joto. Si joto la jua, maana jua halikuwepo. Ilikuwa na joto kama imetoka chini ya gari lililosafiri asubuhi nzima.

Kwa nini niliibeba? Niambie wewe ungefanya nini. Ningeiacha, Mama angekufa njaa. Niliifunga nyuma ya moto, nikashika njia ya nyumbani, na joto lake likanipitia mgongoni safari nzima. Nilijisemea kwamba nitamweleza kila kitu, atalia, tutazika, na gari tutalitumia kama magari mengine.

Kasereka aliipandisha. Kila buloni iliingia kwa vidole, bila funguo, naye akawa anacheka kwa furaha. Gari likanguruma. Mama alitoka jikoni akipiga vigelegele, ameshika bakuli la ugali, anakula amesimama, machozi yanamtoka. Sikuwa na moyo wa kumkatiza. Nilingoja amalize, nikamketisha, nikamweleza yote, la dereva, la kaburi nyuma ya kanisa, la Paluku kuuliza watatoka saa ngapi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akaenda kulala chini ya gari kwa kitenge chake, mwanamke wa umri ule, akaweka kiganja kwenye bwate. Alipotoka uso wake ulikuwa uso wa bibi harusi.

"Iko na moto," akasema. "Mutu ya kufa hapana na moto. Mwana yangu iko muzima, na njo yeye anatutumia hii bwate."

"Mama, yule mutu aliniambia…"

"Ule mutu alikuambia kama Paluku anauliza saa ya kutoka. Basi atatoka!"

Baba mdogo alijaribu kumshawishi, na padri alijaribu. Wote aliwaonyesha gari. Wazee wa ukoo wenyewe wakasema neno ni neno: gari linatembea.

Na linatembea kweli! Magari ya wenzangu yanazima mlimani, hili halijanisumbua hata siku moja. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa umefunika Kimemi yote, bwate inatoa mvuke kama chungu jikoni, ingawa injini imezimwa tangu jana. Nikiwa njiani, nikitaka kuweka ya tatu, mti wa gia unatangulia kabla sijaugusa. Nimezoea kuendesha nikiwa nimelegeza mkono, kama mtu anayefundishwa. Na nikisimama kupakia mzigo, kwenye kiti cha kando huwa nasikia mtu anapumua, pumzi ya mtu aliyechoka kungoja.

Nimejaribu kuiharibu. Naam, nimesema. Nilimwaga oili yake yote, nikaendesha hadi Lubero na kurudi. Haikulia hata kidogo. Mama ananenepa, ananifulia nguo, na kila jioni anapakua sahani ya Paluku, naifunika kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu ananiomba. Mimi ndiye niliyekonda.

Mbau sipiti tena. Najua nikipita, kuna mtu atatoka kwenye majani kuniuliza kama tumezika, na hatujazika.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kipuri, sikiliza. Mahali ulipopotelewa na mtu, usiende kuokota chuma. Na kama shida imekupeleka hata hivyo, na ukamkuta aliyetangulia akikuomba neno, usiseme "sawa" kwa niaba ya mama wa mtu. Mimi nilisema. Watu wawili, Paluku na yule dereva, wamekaa barabarani hadi leo, wananingoja.