Nilifunika Kompyuta ya Mjukuu Wangu kwa Blanketi

Mwenye kosa ni mimi, mzee mzima, na nawaandikia nyinyi msionijua kwa sababu yeye nimeshindwa kumwambia.

Mjukuu wangu Koleta yuko chuo. Kazi yake ni kupiga hesabu za joto la hewa ya juu ya mwezi. Si huu wetu. Kuna sayari nyingine ina mwezi wake, nao una hewa. Nilimcheka. Nikamwambia juu ni baridi, hata huku Uluguru ukipanda unatetemeka. Akasema, "Kule, babu, ukizidi kupanda joto linarudi. Nataka kujua kwa nini."

Hesabu zenyewe zinafanywa na kompyuta ya mezani, inawaka kutwa kucha. Chumbani kwake Morogoro mjini ilikuwa inachemka na kujizima. Ndipo akaileta kwangu mlimani, kwenye baridi. Akaniachia neno moja: nisiifunike.

Sasa, nilikuwa na kuku mwekundu, mlezi hasa, hata mayai ya bata wa jirani aliwahi kuyalalia... Haya, kicheche akamchukua, akaacha vifaranga wanalia kwa baridi. Nikaona kompyuta inapuliza hewa ya moto kwa nyuma. Nikaweka kapu la vifaranga pale, nikafunika vyote kwa blanketi, joto lisipotee. Nikaenda kupalilia kabichi.

Niliporudi vifaranga wamelala vizuri. Kompyuta kimya, inanuka plastiki iliyoungua.

Nikatoa blanketi. Nikahamisha kapu. Koleta alipofika nikamwambia umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Jamani, uongo ulitoka wenyewe! Hesabu zote zilikuwa mle ndani, hajazinakili popote. Hakulia. Aliketi kwenye kigoda akaigusa ile kompyuta kama unavyomgusa mtoto paji la uso. Chuo kikamwambia aanze upya mwakani.

Pasaka akaja. Nikamchinjia jogoo, mmoja wa wale vifaranga. Akala, akalamba vidole, akasema, "Babu, usijilaumu. Kosa ni langu, nilijua umeme wa huku ulivyo."

Nikatafuna. Sikusikia chumvi wala nyama. Mpaka leo ndivyo nilivyo, sisikii ladha ya kitu.

Basi wewe unayesoma, ukiharibu cha mtu sema palepale, angali na hasira. Akishakuomba radhi yeye, mdomo haufunguki tena.

Koleta anasema akipata kompyuta nyingine ataileta hukuhuku kwangu, pamoja na kifaa cha kukinga umeme. Kwa sababu huku, anasema, kuna baridi.